Stika ya Gari la Opole

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi ya tatu ya Januari 2019, namba iliyoandikwa kwa wino kwenye stika ya kijani ilianza na herufi OP, na vibao vya namba vya gari lenyewe vilianza na SRS.

Gizela Mrozek aliliona hilo alipokuwa akifuta ukungu kwenye kioo cha mbele, kwa upande wa ndani. Walikuwa wamesimama kwenye uwanja wa mapumziko kando ya barabara kuu, mashariki mwa Dortmund, Ujerumani, baada ya kuendesha usiku kucha kutoka Ruda, Silesia, kusini mwa Poland. Nyuma ya viti vyao kulikuwa na matenga mawili yaliyofungwa kwa mikanda, na ndani ya kila tenga njiwa majike watatu wa mashindano. Aliitazama stika, akashuka akatazama kibao cha mbele, akarudi akaitazama stika tena. Alikuwa mtu wa vipimo. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba cha udhibiti juu ya mgodi wa makaa, kusoma kiasi cha gesi kilichoko chini, na kuamuru watu watolewe namba inapovuka kiwango. Katika kazi ile hakuna anayeiambia namba "pengine".

"Mzee Pyka," alisema, "hii stika ni ya nani?"

Alojz Pyka, mwenyekiti wa klabu ya njiwa ya Ruda tangu enzi ambazo Gizela alikuwa bado shuleni, alikuwa akila mkate na soseji ya damu. Hakuinua kichwa.

"Ya gari."

"Gari lipi?"

"Mtoto wa Emil, una macho. Gari hilo ulilolikalia."

"Namba yake ni ya Opole."

"Si tulilinunua Opole? Ulitaka iwe ya Roma?"

Ndivyo ilivyokuwa. Klabu ililinunua gari hilo vuli iliyopita kwa mfugaji mmoja wa Opole, na kwa kuwa lilihamia wilaya nyingine, likapewa vibao vipya. Alojz mwenyewe alivipokea na kuvifunga. Stika haikuja kichwani mwa mtu. Ilikuwa ya kijani, ilikuwa imebandikwa, na mzee alijisifu mbele ya mkutano kwamba Mwopole aliitoa bure.

Lakini miji ya bonde la Ruhr, ikiwemo Herne walikokuwa wakienda kwenye maonyesho ya njiwa, ilikuwa eneo moja la hewa safi. Gari halikuruhusiwa kuingia bila stika ya kijani yenye namba ya gari hilo hilo, na anayetoka nje ya nchi alihesabiwa sawa na mwenyeji. Barabara kuu zilikuwa nje ya sheria hiyo. Mtu angeweza kulipita bonde zima juu yake bila kuulizwa. Ila kila njia ya kutokea kuelekea Herne ilikuwa na kibao cha duara jekundu, na maonyesho hayakufanyika juu ya barabara kuu.

"Kijani ni kijani," alisema Alojz. "Polisi anatazama rangi. Nani atainama asome mwandiko wa kalamu, Jumamosi, kwenye baridi hii?"

"Yule aliyewasimamisha jirani zetu mwaka juzi aliinama."

Alojz aliacha kutafuna. Kisa hicho kila mfugaji wa Silesia alikijua. Klabu ya mji wa jirani ilisimamishwa kwenye njia ya kutokea kwa jambo dogo, gari likashikiliwa wakati karatasi zikihakikiwa, na timu yao ikafika mlango umeshafungwa. Njiwa walirudi nyumbani bila kuguswa na mwamuzi. Mlango wa Herne ulikuwa ukifungwa saa tano. Kila timu ilitakiwa kuwa na majike sita. Iliyopungukiwa au kuchelewa ilikatwa jina, hata ingekuwa imetoka mwisho wa dunia. Ruda hawakuwa wamefuzu kwa miaka mingi. Safari hii walifuzu, na mmoja kati ya sita, jike wa kijivu aliyeitwa Hulda, alikuwa wa Gizela. Hakuna mwanamke wa klabu aliyewahi kuingiza njiwa kwenye timu. Siku ya uteuzi Alojz alikuwa amesema mbele ya watu kwamba njiwa wa mwanamke hurudi jikoni, si bandani, na watu walicheka mpaka wakakohoa.

"Tukisimamishwa," alisema Gizela, "makosa ni mawili. Stika si yetu. Na kadi ya gari, nionyeshe."

"Kadi iko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwenye droo. Sheria imebadilika, hukusikia? Tangu Oktoba dereva wa Poland habebi kadi. Polisi anabonyeza kompyuta yake, anaona kila kitu. Nimebeba makaratasi maisha yangu yote. Serikali imenipumzisha, nami nimepumzika."

"Polisi wa Poland ndiye anayebonyeza. Huyu wa hapa atabonyeza nini?"

Alojz alifungua mdomo, kisha akaujaza mkate.

Gizela aliiondoa saa mkononi akaiweka juu ya dashibodi, mahali wote wawili walipoweza kuiona. Stika mpya zilipatikana kwenye vituo vya ukaguzi wa magari. Mji wa Unna ulikuwa karibu, na ulikuwa nje ya eneo. Simu ilimwonyesha kituo kimoja kinachofunguliwa Jumamosi. Gari lilikuwa la dizeli, lilisajiliwa mara ya kwanza mwaka 2008. Kwa umri huo lilistahili kijani bila ubishi. Kilichokosekana ni karatasi ya kulithibitisha.

"Mpigie Mama Truda," alisema. "Aipige picha kadi, pande zote mbili."

Simu iliwekwa sauti ya juu. Truda Pyka aliipokea akiwa bandani. Njiwa walisikika nyuma yake.

"Truda, nenda kwenye droo ya meza yangu."

"Umeifunga."

"Fungua."

"Ufunguo uko wapi?"

Alojz alipapasa koti. Alitoa kitambaa, peremende, kisu, kisha ufunguo mdogo wa shaba. Aliutazama kama mtu anayemtazama shahidi wa upande wa pili.

"Alojz? Ufunguo uko wapi?"

"Ninao."

"Uko Ujerumani na ufunguo wa droo yangu?"

"Yangu. Nilifunga ili kadi isipotee."

"Haijapotea. Hongera. Miaka arobaini na sita nimeolewa na kufuli."

"Mama Truda," Gizela aliingilia, "hapo bandani una kitu cha chuma?"

"Nina kwangulio la mavi ya njiwa, mwanangu."

"Linatosha."

Walisikia mlango, hatua, kisha mpasuko wa mbao. Alojz alifumba macho. "Meza ya babangu," alisema.

"Babako hakufunga droo," Truda alijibu.

Picha zilifika walipokuwa wakiingia Unna. Zilionyesha kadi yote bila kivuli, na pembeni kidole gumba cha Truda chenye chembe za mtama.

Mkaguzi wa zamu aliitwa Overbeck, mtu mrefu aliyevaa sweta la sufu juu ya sare. Alitoka nje, akainama mbele ya kioo, akasoma mwandiko wa kalamu bila kuombwa.

"Stika hii ni ya gari ambalo halipo tena," alisema. "Kadi?"

Gizela alimpa simu. Kijerumani chake kilikuwa cha shuleni, safi na kikavu. Alieleza kuhusu vibao, tarehe ya usajili, na mahali inapoonekana kwenye picha. Overbeck alisoma, akakuza picha, akakubali kwa kichwa.

"Gari linastahili kijani. Sina shaka nalo."

"Basi andika," alisema Alojz, kwa Kijerumani cha bibi yake, ambacho kilikuwa na kutu lakini kilikata.

"Kadi yenyewe, mzee. Picha hairuhusiwi hapa. Vuli tulipewa picha za kughushi, na tangu siku hiyo dirisha hili linapokea kadi ya mkononi tu."

"Kwetu sheria inasema kadi ikae nyumbani!"

"Sheria ya kwenu inaishia mpakani. Nimewaona watatu wa kwenu tangu Krismasi, wote wameiacha mahali pamoja. Kwenye droo."

Alojz alimgeukia Gizela na kuongea Kisilesia, haraka. "Mwambie nina njiwa sita na mapafu nusu. Mwambie nilichimba makaa miaka thelathini."

"Haandiki mapafu kwenye stika, Mzee Pyka."

"Basi twende tu! Dakika arobaini tumefika!"

"Tusiposimamishwa."

"Hatutasimamishwa!"

"Unajuaje?"

"Najua tu."

"Mimi sijui," alisema Gizela, "na mwenye usukani ni mimi."

Alitoka, akalisogeza gari hadi barabara ya pembeni isiyo na kibao cha kuzuia maegesho, upande huu wa mpaka wa eneo, akazima injini. Kisha akapiga simu mbili. Kituo cha teksi kilimwambia gari la kwanza lingepatikana baada ya saa nzima, na dereva wake hakutaka ndege kitini. Simu ya pili aliipiga Herne, kwa Stratmann, msimamizi wa mlango wa maonyesho, akamwomba awatumie mtu na gari lenye stika.

"Dada, ningependa," alisema Stratmann. "Lakini mwenyeji hagusi tenga la mgeni kabla halijavuka kizingiti. Mtu wangu akibeba njiwa wenu na manyoya mawili yakavunjika, nitamjibu nani? Leteni wenyewe. Saa tano."

Hakuwa na kosa. Desturi hiyo ndiyo iliyozuia ugomvi kwa miaka mingi, na Ruda walikuwa na yao iliyo kali zaidi: tenga la njiwa wa maonyesho hubebwa na mwenyekiti peke yake, kutoka banda hadi kizimba. Gizela alikuwa ameendesha usiku kucha na hakuwa ameyagusa matenga hata kwa ncha ya kidole.

"Treni," alisema.

"Treni? Na njiwa?"

"Wanyama wadogo waliofungiwa wanasafiri bila tiketi. Unna hadi Dortmund, Dortmund hadi Herne. Stesheni iko nyuma ya kanisa lile."

Alojz alilitazama kanisa, akatazama matenga. Kisha akayafungua mikanda.

Tenga halikuwa zito. Lilikuwa pana, likimlazimisha mbebaji kutembea mikono mbali na mwili, kama mtu aliyelowa. Alojz alibeba moja kila mkono, akipumzika kila nguzo ya taa. Vumbi la mgodi lilikuwa limemwachia kifua kinacholia kama mlango mbovu.

"Nipe moja," alisema Gizela kwenye nguzo ya tatu.

"Wewe ni dereva."

"Sina gari."

"Basi wewe ni dereva bila gari. Tembea."

Ndani ya treni aliyaweka matenga juu ya magoti yake, moja juu ya jingine, na kidevu chake juu ya la pili. Mbele yao aliketi mzee mwembamba mwenye kofia ya ngozi. Aliyatazama matenga na kusikiliza Kisilesia chao kwa vituo viwili vizima kabla ya kusema.

"Upande salama," alisema. Ilikuwa salamu ya wachimbaji, ya kumtakia mtu apande kutoka mgodini salama, ile ile pande zote mbili za mpaka.

"Upande salama," alijibu Alojz kutoka juu ya tenga.

"Kowollik. Nilikuwa mgodini Castrop mpaka walipoufunga. Babangu alitoka huko kwenu na matenga kama haya. Hao ni wa mbio?"

"Wa maonyesho. Herne."

"Na mnaenda kwa treni? Siku hizi wafugaji wa Poland ni maskini kiasi hicho?"

"Tuna gari," alisema Alojz. "Limepumzika. Dereva wangu ni mtu wa kanuni."

"Mkeo?"

"Mungu amrehemu atakayemuoa! Ni binti wa rafiki yangu. Mmoja wa hawa ni wake."

"Ni mzuri?"

Alojz alitazama nje ya dirisha, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama ila maghala. "Mbavu zake zimekaa vizuri," alisema. "Macho pia. Kichwa kikaidi."

"Njiwa au binti?" aliuliza Kowollik.

"Njiwa," alisema Gizela.

Dortmund, lifti ya jukwaa ilikuwa na utepe mwekundu na fundi ndani yake. Ilibidi washuke ngazi hadi kwenye njia ya chini, waivuke, na kupanda ngazi nyingine hadi treni ya Herne. Kushuka Alojz alishuka. Kwenye njia ya chini alitembea karibu na ukuta. Kwenye ngazi za kupanda alifika katikati, akaweka tenga la kulia kwenye ngazi, kisha la kushoto, kisha yeye mwenyewe akaketi. Watu walimpita pande zote mbili. Kifua chake kilisikika kuliko tangazo la stesheni.

Gizela alisimama ngazi moja chini yake. Juu, treni ya Herne ilikuwa imeshaingia. Milango ilikuwa wazi.

"Vuta pumzi kwanza," alisema.

"Navuta. Haiji." Alisubiri. "Inayofuata?"

"Inafika Herne baada ya saa tano."

Alojz aliyatazama matenga. Ndani yake majike walikuwa wametulia, wakigeuza vichwa kwenye mianya ya fito. Aliweka mkono juu ya kifuniko cha tenga la kwanza, akautoa. Akaweka juu ya la pili, ambamo Hulda alikuwamo, akautoa.

"Yashike kwa chini, si kwa mpini," alisema. "Mpini unayumba. Na usikimbie. Ukikimbia wanafungua mabawa."

"Siwezi kukuacha kwenye ngazi."

"Mtoto wa Emil, namba inasema nini?"

Gizela aliitazama saa ya jukwaani. Kisha akainama.

Kowollik, aliyekuwa amewafuata nyuma kwa hatua zake fupi, aliketi kando ya Alojz bila kukaribishwa. "Nenda, dada," alisema. "Mimi sina haraka. Sina hata njiwa."

Aliyashika matenga kwa chini. Alipanda ngazi zilizobaki bila kukimbia, na mlango wa treni ukafungwa mgongoni mwake.

Kutoka stesheni ya Herne hadi ukumbi wa maonyesho, jengo la matofali la mgodi wa zamani, njia ilikuwa imefagiliwa lakini imeganda. Alitembea katikati ya barabara, palipomwagwa chumvi. Dereva mmoja alipiga honi, hakugeuka. Mabega yalimwaka moto, kisha yakafa ganzi, na ganzi ilikuwa afadhali. Kwenye kona ya mwisho, pale njia ya kutoka barabara kuu inapoingilia mjini, alipita kibao cha duara jekundu. Chini yake magari manne yalikuwa yamepanga foleni, na afisa wa manispaa mwenye koti la kung'aa alikuwa ameinama mbele ya kioo cha gari la kwanza, akisoma.

Stratmann alikuwa mlangoni, mtu mnene mwenye saa ya mnyororo mkononi.

"Ruda?"

"Ruda."

"Mwenyekiti wenu yuko wapi?"

"Amekaa kwenye ngazi, stesheni ya Dortmund."

"Na matenga yamebebwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yake. Mpigie."

Stratmann alipiga. Gizela hakuyaweka matenga chini. Simu iliita kwa muda mrefu, kisha sauti ya Kowollik ikasikika, kisha kikohozi, kisha Alojz mwenyewe, kwa Kijerumani cha bibi yake.

"Sikiliza, bwana. Mikono hiyo ni yangu. Hesabu njiwa."

Stratmann aliikata simu na kusogea kando. Gizela alivuka kizingiti, akayaweka matenga juu ya meza. Msaidizi aliwatoa majike mmoja mmoja, akasoma namba za pete zao za miguuni kwa sauti, na Stratmann akazilinganisha na orodha ya mlangoni. Jike wa nne alikataa kutoa mguu, akamng'ata msaidizi kidole.

"Huyu wa nani?"

"Wangu," alisema Gizela.

"Sita," alisema Stratmann. "Mabawa yote mazima."

Saa ya ukutani iligonga saa tano. Nje, mbele ya ukumbi, gari lenye vibao vya nje ya nchi lilifunga breki na mlango wake ukafunguliwa. Mtu alishuka na tenga, akaanza kukimbia. Stratmann aliusukuma mlango wa chuma mpaka mwisho na kuteremsha komeo.

Hulda aliwekwa katika kizimba cha kwanza cha safu ya Ruda. Mwamuzi alivua pete yake ya ndoa, akaitia mfukoni, akapasha viganja vyake moto kwa pumzi, akafungua kizimba na kumtoa.